Mpime Mtoto kwa Moyo Wangu, Si kwa Wako

Kaka,

Neno "mpendwa" nimeliandika mara mbili na kulikata mara mbili. Mara ya tatu nikaona nisipoteze wino.

Majina nimeyaondoa yote: lako, la shemeji, la mtoto, na langu. Anayetujua atatujua tu, Waswahili wa Buffalo si wengi kiasi hicho. Najua kaka mkubwa haandikiwi barua ya kusomwa na watu. Lakini simu umenifungia. Barua niliyoituma kwa posta ya kusaini imerudi haijafunguliwa. Mlango wako nimeufikia kwa miguu yangu, ukanifungia pia. Njia tatu hizo. Hii ni ya nne, na nimeichagua kwa sababu hutaweza kuirudisha kwa tarishi.

Ninachotaka ni kimoja, nakisema mapema usije ukaishia njiani: mpeleke binti yako akapimwe moyo. Mengine yote humu ni sababu.

Unakumbuka matubwitubwi? Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimeyatoa shuleni, mashavu yamefura kama nimeficha viazi mdomoni. Mama akanihamishia jikoni nilale peke yangu karibu na majivu, nisije nikawaambukiza. Ilikuwa Juni, na Juni ya Njombe unaijua, ndoo ya maji asubuhi inakuwa na ngozi ya barafu juu. Siku ya pili ukaja na blanketi lako, ukajipenyeza. "Sogea huko, kichwa boga wewe," ukasema. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Asubuhi mama akatukuta tumelala mgongo kwa mgongo, akakutandika kwa mwiko. Wiki mbili baadaye kitandani ukawa wewe, na kwako hayakuishia mashavuni. Ulitembea umetanua miguu siku nane. Mimi nilicheka. Nilikuwa mtoto, nilicheka.

Nayaandika haya ili usiseme nimesahau ulivyokuwa. Sijasahau. Nilipofika Columbus, huku Marekani, nina miaka ishirini na nane, begi moja, na cheti cha ufundi wa majokofu ambacho hapa hakuna aliyetaka hata kukisoma, ulinilaza kwenye kochi lenu pale Whitehall miezi kumi na minne. Uliniamsha alfajiri twende ghalani kupakia maboksi. Ulinifundisha gari kwenye maegesho ya duka lililofungwa, ukipiga dashibodi kila nikikanyaga breki: "Dogo, unaendesha gari au unafukuza kuku?" Ndiyo maana naumia. Ungekuwa mtu baki ningekufungulia kesi, nikarudi kwangu nikalala usingizi mzuri.

Mlikuwa na miaka sita kwenye ndoa bila mtoto. Kina mama wa kanisani walimtazama shemeji tumboni kabla ya kumsalimia. Alikunywa majani ya kila aina, akafunga na kuomba, mpaka siku aliyosema, "Nimechoka kutibiwa peke yangu. Twende wote."

Kliniki walitaka kutupa mkalimani wa simu. Ukakataa. "Huyo wa simu nitajuaje siimbi naye kwaya?" ukasema. Ulikuwa na haki, maana wakalimani wa Kiswahili wa mji ule tungeweza kuwahesabu kwenye ibada moja na viti vikabaki. Basi nikakaa katikati yenu mimi. Daktari alisema sentensi ndefu, nikaitafutia Kiswahili cha upole, sikukipata.

"Kaka, wamehesabu. Ni sifuri."

"Sifuri kwa maana ya chache?"

"Sifuri kwa maana ya sifuri."

Kisha daktari akauliza kama uliwahi kuugua matubwitubwi ukiwa kijana, maana yanaweza kuua mbegu za mwanamume. Hilo sikulitafsiri. Ulilisoma usoni kwangu.

Hukunilaumu. Natamani ningeandika kwamba ulinilaumu, ningekuwa na pa kushika. Uliendesha gari hadi nyumbani, ukazima injini, ukakaa. "Tulikuwa watoto," ukasema, ukatoka.

Wakawapa orodha ya watoaji mbegu. Shemeji aliiperuzi kwenye kompyuta kama anachagua kitambaa cha harusi: huyu mrefu, huyu amesomea sheria, huyu anapiga piano, huyu bibi yake aliishi miaka tisini na sita. Nilikuwa nimeshahamia Louisville wakati huo, nimepata kazi ya viyoyozi, nilikuja kwenu Jumamosi ile kula tu. Ukaifunga kompyuta kwa kiganja.

"Nilee ukoo wa nani mimi? Mtu simjui babu yake! Mdogo wangu huyu hapa anakula ugali wangu."

Nikabaki na tonge mkononi.

"Damu ni ileile," ukasema. "Mtoto atakuwa mjukuu wa baba yetu kabisa. Hakuna atakayedanganywa."

"Na mimi nitakuwa nani?"

"Baba mdogo. Si ndivyo ungekuwa hata hivyo?"

Tukacheka wote watatu, hata shemeji aliyekuwa analia. Hesabu ilikuwa nzuri mno. Kwetu mtoto wa kaka ni mwanangu tangu siku anayozaliwa, simwombi mtu ruhusa. Mzungu angehitaji wakili na mikataba. Sisi tulihitaji nini? Jina lilikuwepo tayari, cheo kilikuwepo tayari. Nilisema ndiyo kabla sijamaliza lile tonge, na nakiri kwamba sikuwa nafikiria mtoto. Nilikuwa nafikiria blanketi.

Safari sita, kaka. Maili mia mbili na kumi kwenda, mia mbili na kumi kurudi, mara sita: elfu mbili mia tano na ishirini. Safari ya kwanza ilikuwa ya damu. Ya pili ya yule mama mshauri mwenye miwani ya kijani, aliyeuliza mtoto ataambiwa nini. Uliniambia nimjibu kwamba hakuna cha kuambiwa. Akaniuliza mimi, si wewe: "Na wewe, siku moja ukihisi umesahaulika, utafanyaje?" Nikasema sitahisi. Nilijibu haraka, kama mtu anayeulizwa mpakani kama ana homa.

Safari ya tatu ndiyo ya ile fomu.

Kurasa kumi na tisa za magonjwa ya ukoo. Nilizijaza mezani kwako, wewe umesimama nyuma yangu. Ukurasa wa saba: baba mzazi yu hai? Hapana. Alifariki na umri gani? Arobaini na nne. Kwa sababu gani?

Kalamu ikasimama. Tulikuwepo wote wawili siku ile, mimi na miaka kumi na miwili, wewe kumi na minane. Baba alikuwa anapandisha viazi kwenye lori. Gunia la nne aliliteremsha taratibu kutoka begani, kama mtu aliyekumbuka jambo, akalilalia. Tulidhani anapumzika. Hospitali waliandika kwamba moyo umesimama, na nani aliyekufa moyo wake unaendelea? Ukoo ukasema amelogwa na jirani tuliyegombania naye mpaka wa shamba. Wewe uliamini, na nadhani bado unaamini.

"Niandike nini hapa?"

"Andika ajali."

"Haikuwa ajali, kaka."

"Utawaandikia karogwa? Watatuona washenzi, watatukataa. Andika ajali, tumalize."

Nikaandika ajali. Wale wageni wa kwenye orodha, uliowakataa kwa kuwa hujui babu zao, walijieleza mpaka ukucha wa bibi mzaa mama. Sisi tuliojuana tangu tumboni ndio tuliodanganya. Mwandiko ni wangu, sikusukumizii. Maneno yalikuwa yako, kalamu ilikuwa yangu, tugawane nusu kwa nusu.

Kuhusu chumba chenyewe sitasema mengi. Kilikuwa na ukubwa wa stoo ya mama. Kiti cha ngozi kilichotandikwa karatasi, bango linalokumbusha kuandika saa kwenye kikombe, na mimi mwimba besi wa kanisa. Nesi aligonga, akauliza kama niko salama humo. Nikajibu niko salama, kwa sauti ya fundi aliye chini ya sinki.

Karatasi ya majibu nilikusomea kwenye maegesho. Ugonjwa wangu wa kupenda namba unaujua. Mbegu milioni sitini na mbili kwa kila mililita.

"Milioni sitini na mbili!" ukasema. "Na mimi hata mmoja wa kunisindikiza!" Ukacheka sana, ukanipiga begani. Nyumbani shemeji alikuwa amepika wali na maharage ya nazi. Hukula. Tangu siku ile hujanipiga begani tena. Ningejua, ile karatasi ningeimeza.

Mara ya kwanza haikushika, ya pili haikushika, ya tatu ikashika. Binti akazaliwa na kilo tatu na gramu mia moja, ukampa jina la mama yetu, na hapo nilikubariki kwa moyo wote. Nilimbeba dakika nne. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, sikuitafuta. "Inatosha," ukasema, "atapata baridi." Ilikuwa Julai.

Kilichovunja kila kitu ni siku ya kuzaliwa kwake mwaka wa kwanza. Ukumbi mdogo wa nyumba zenu pale Whitehall, pilau, watoto wanakimbizana. Nimempakata, anavuta ndevu zangu. Yule mama jirani, mwenye mdomo unaotangulia akili, akapaza sauti: "Jamani njooni muone! Huyu kaacha kumfanana baba, kamfanana baba mdogo mtupu! Pua hiyohiyo, mpaka ule mwanya wa meno!" Watu wakacheka kama watu wanavyocheka kwenye sherehe. Mmoja akasema, "Damu ya ukoo hiyo, bwana." Lilikuwa jibu lenyewe tulilokuwa tumeliandaa, limetolewa bure na mtu asiyejua kitu. Ulichotakiwa ni kucheka nao. Ukaja ukanichukulia mtoto mikononi, ukaenda naye jikoni, hukurudi mpaka keki imekatwa.

Miezi mitano baadaye mkahamia Buffalo. Kiwanda cha Tonawanda kinalipa vizuri zaidi, ulisema. Inawezekana. Kinachonishangaza ni kwamba Louisville kuna viwanda kadhaa, na hukuwahi hata kuniuliza. Kutoka maili mia mbili na kumi nikawa na mia tano na arobaini.

Nilikuja hata hivyo, mara moja kwa mwaka. Ile nyumba yenu ya mbao pale Riverside, upepo wa mto unaingia kwa chini ya mlango, wewe umekaa kwenye kiti cha karibu nasi kama mlinzi wa gereza siku ya wageni. Saa mbili, kisha unaanza kuniuliza njia nitakayopita kurudi. Mara ya mwisho alikuwa na miaka sita. Alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Mimi nakula kwa kushoto, baba yetu alikula kwa kushoto. Ukakitoa kijiko, ukamhamishia kulia.

"Mkono wa kula ni huu."

"Kaka, mwache. Mimi si uliniacha?"

"Wewe ni nani hapa?"

"Baba yake mdogo."

"Basi kuwa mdogo."

Shemeji aliinama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka. Mtoto akakitazama kijiko, akanitazama mimi, akala kwa kulia, akimwaga. Nikaondoka kabla ya zile saa mbili. Tangu hapo miaka mitatu.

Sasa sikiliza.

Mwaka jana nilikuwa juu ya paa la ghala, nabadilisha feni ya kiyoyozi. Siku hizi nina karakana yangu na mafundi wanne, lakini paa bado napanda mwenyewe. Nikahisi nimekumbuka jambo. Ndivyo hasa ilivyokuwa, kaka, kama nimesahau kitu mahali. Nikaweka spana chini taratibu. Nilipozinduka, fundi wangu alikuwa amenikalia juu ananisukuma kifua, analia.

Ukuta wa moyo wangu una milimita ishirini na mbili. Wa watu wengi ni kumi, kumi na moja. Moyo mnene, mtu anazaliwa na mbegu yake ndani, unakua kimyakimya, na siku ukiamua, mdundo wake unavurugika, mtu anateremsha gunia. Hakuna jirani, hakuna mpaka wa shamba. Wameniwekea kifaa chini ya ngozi ya kifua, kikubwa kama kiberiti, kitanishtua moyo ukisahau kazi. Nina miaka arobaini na miwili. Baba alikuwa na arobaini na nne.

Daktari akachukua kalamu. Kila mtoto wako, akasema, ana nusu ya uwezekano wa kuwa nao. Una watoto wangapi? Mke wangu alikuwa pembeni. Unajua nilioa mtu wa Bukavu, kule Kongo, ingawa harusini hukuja. Vijana wetu wana miaka mitano na mitatu. Kwa miaka yote, kwenye kila fomu, nimeandika wawili. Nikafungua mdomo, ikatoka tatu.

"Batatu?" mke wangu akageuka. "Wa tatu iko wapi?"

"Buffalo."

"Bon. Buffalo. Donc mama yake ni nani?"

"Shemeji."

Aliinuka, kaka. Daktari hakuelewa neno hata moja lakini alisogeza kiti chake nyuma.

"Shemeji gani? Bibi ya kaka yako? Weye mwanaume, uko na aibu?"

"Hapana, haikuwa hivyo! Ilikuwa hospitali. Kwenye kikombe."

"Kwenye kikombe!" Akaketi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. "Mutoto ya kikombe," akasema. "Na weye unabebaka hii kitu miaka yote weye moja." Halafu akauliza swali ambalo mtu mwingine hakuliuliza: "Huyo mutoto, anajua? Banamupima?"

Vijana wetu tuliwapima wiki iliyofuata. Wa kwanza hana. Wa pili anao. Amegundulika mapema, ana daktari wake, na sisi tunajua nini asifanye. Nusu kwa nusu, unaona? Mmoja hivi, mmoja vile. Wa tatu ni sarafu ambayo hatujaigeuza.

Nikaandika kwenye kundi la ukoo, bila kutaja siri ya mtu. Niliandika kwamba ugonjwa uliomuua baba umejulikana, unarithiwa, na kila aliyetoka kwake akapimwe. Nilifikiri, kaka ni mtu mzima, ataelewa nasema na yeye. Wiki tatu baadaye ukaandika: "Nimepimwa mimi. Moyo wangu mzima kabisa. Mungu mkubwa." Shangazi akaandika kwa furaha: "Basi na binti yako yuko salama, maana ungekuwa nao wewe ndiyo angerithi. Mungu asifiwe!"

Nikasubiri, simu mkononi. Niliona vile vidoti vya mtu anayeandika. Vikatokea, vikapotea, vikatokea.

Ukaandika: "Amina."

Herufi tano. Nimezihesabu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote mwaka huu. Ulijua. Ukoo mzima haukujua, shangazi hakujua, ila wewe ulijua kwamba moyo wako hauna habari yoyote na moyo wa mtoto huyo, ukasema Amina.

Siku mbili baadaye binamu yetu akaweka picha kwenye kundi: binti ana medali shingoni, ameshinda mbio za shule. "Anakimbia kama swala," mmoja akaandika. Mimi nilikaa chini sakafuni.

Nikampigia shemeji. Alipokea mara moja, anaongea kwa chini. "Shemeji, shuleni waliuliza kabla ya mbio, kama kuna ugonjwa wa moyo nyumbani. Baba yake akajaza kwamba hakuna, akasema yeye amepimwa." Nikamwambia, na wewe je, wewe unajua. "Nitaongea naye," akasema. Tangu siku hiyo namba yake haipatikani.

Nikawapigia kliniki ya Columbus. Wakasema wanaweza kuwatumia barua kwenye anwani waliyo nayo. Ni ile nyumba ya Whitehall, kaka, mliyoihama miaka saba na nusu iliyopita. Nikaomba waongee na daktari wa mtoto. Wakaniuliza mimi ni nani wa mtoto. Nilisaini karatasi, unakumbuka, kwamba kisheria mimi si mtu kwa mtoto. Niliisaini nikicheka.

Basi mke wangu akanipa funguo za gari. "Enda," akasema. "Usilete maneno ya zamani. Sema moyo tu, rudi." Daktari hakutaka niendeshe mbali, kwa hiyo alikuja fundi wangu, yuleyule aliyenisukuma kifua. Njiani tulitumia saa nane na nusu. Tulifika kwako saa tisa alasiri, jua linawaka. Ukafungua mlango kadiri mnyororo ulivyoruhusu.

"Umekuja kudai," ukasema, hata shikamoo yangu hujaijibu.

"Sijaja kudai. Mtoto akapimwe. Wangu wa pili anao."

"Mimi nimepimwa. Damu yangu nzima."

"Si damu yako, kaka."

Ningeweza kulisema kwa namna nyingine. Nimelifikiria maili mia tano na arobaini za kurudi, na kila siku tangu hapo, na sijaipata hiyo namna nyingine, kama vile sikuipata siku ya sifuri. Uso wako ulifanya vilevile. Kutoka ndani nikasikia miguu inakimbia kwenye ngazi, miepesi, na sauti ikauliza kwa Kiingereza ni nani mlangoni.

"Mtu wa gesi," ukamjibu.

Mlango ukafungwa. Fundi wangu akageuza gari.

Nimekasirika, kaka. Usidhani naandika kwa upole. Ulinichukua nilipofaa, ukanifukuza nilipofanana. Ulitaka damu ya baba yetu iwe ndani ya nyumba yako, na imo, yote, pamoja na kilichomuua. Huwezi kuchukua pua na mwanya ukakataa moyo. Ulikuja jikoni na blanketi hali umekatazwa, kwa sababu nilikuwa napata baridi. Yule kijana wa miaka kumi na mitano angempeleka mtoto huyu hospitali akiwa amembeba mgongoni. Sijui wewe ni nani unayekaa kwenye nyumba yake.

Mimi ni mtu wa vitendo, kwa hiyo nimekutafutia njia usiyohitaji kunitaja. Ya kwanza: mwombe daktari wa mtoto afunge mlango, mwambie ukweli. Haimbi kwaya yetu, na sheria yao inamfunga mdomo. Ukishindwa hilo, sema maneno haya. Nimeyapunguza mpaka hayana uongo ndani: "Babu yake mzaa baba alianguka akafa na miaka arobaini na nne. Baba yake mdogo ana moyo mnene, na mtoto wa huyo baba mdogo ameurithi. Nataka binti yangu apimwe damu, na apigwe picha ya moyo."

Atakuuliza, na wewe je, umepimwa? Ukimwambia umepimwa na uko mzima, atatabasamu, atamruhusu akimbie. Hapo ndipo nakuomba, kaka, na sijawahi kukuomba kitu tangu lile kochi: usijibu. Rudia tu kwamba unataka apimwe. Umenyamaza miaka tisa kwa ajili yako, nyamaza dakika moja kwa ajili yake. Na mpaka majibu yatoke, asikimbie mbio za kushindana. Mwambie chochote. Mwambie viatu vimechelewa.

Simdai. Ni binti yako. Wewe ndiye uliyeamka akilia, wewe ndiye unayemfunga koti kabla ya theluji, na akiniuliza siku moja nitamwambia hivyo hivyo. Ninachodai ni afike umri wa kuuliza.

Akishapimwa, usinipigie. Andika kwenye kundi la ukoo neno moja tu: "Amepimwa." Usiseme nini. Wengine watadhani ni macho. Shangazi ataandika Amina, na safari hii nitaiandika na mimi.

Shikamoo, kaka. Ile ya mlangoni bado haijajibiwa.

Ni mimi mdogo wako, uliyemfuata jikoni na blanketi.